Shati Lisilo na Vifungo: Somo la Kutoa Wakati wa Maafa



Somo letu leo ni Luka 10:25-37, Msamaria mwema. Najua mnalijua, tumelisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Ila lisomeni tena mkifikiria gunia la nguo.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, huku Tengeru ilikuwa siku ya soko kama kawaida. Siku hiyohiyo Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaingia pwani yetu, upande wa Mafia. (Na hidaya, jamani, maana yake ni zawadi!) Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama. Upepo ulipungua, lakini mvua ikaikata barabara kuu ya kusini pale Somanga, Kilwa.

Tulipotangaza mchango, vijana wakaleta nguo. Na mimi nikaleta. Jioni tukiwa tunapanga, dada mmoja wa VIWAWA akachomoa shati lisilo na vifungo, akauliza kwa sauti, "Hili nani katoa?" Lilikuwa langu. Nikanyamaza. Gunia hilohilo lilikuwa na kiatu cha kisigino kirefu, cha mguu mmoja, na sweta zito la baridi ya Meru, eti apelekewe mtu wa Kilwa.

Moyoni nilijitetea kwamba nia yangu ilikuwa njema. Nimesoma falsafa, kujitetea naweza. Lakini Mtakatifu Thomaso wa Akwino anaiweka sadaka chini ya upendo, na kupenda, kwake, ni kumtakia mwingine mema. Mimi sikuwa nimemfikiria huyo mwingine hata dakika moja. Nilikuwa napunguza kabati. Mtakatifu Basili Mkuu, aliyehubiri wakati wa njaa kule Kaisaria karne ya 4, alifika mbali zaidi: alifundisha kwamba nguo uliyoifungia sandukuni ni mali ya aliye uchi. Alisema juu ya nguo nzima. Hakusema juu ya tambara la kudekia.

Sasa mtazameni Msamaria. Kwanza aliyaona majeraha, ndipo akatumia vitu vya safari yake mwenyewe, mafuta na divai. Akampandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, maana yake yeye alitembea kwa miguu. Kesho yake akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Hapo ndipo huwa tunaruka. Alitoa fedha, akampa mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa, na hesabu akaiacha wazi.

Kutoka Tengeru hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita 900. Nauli ya gunia peke yake ingenunua unga, sabuni na dawa ya kutibu maji kwa muuza duka wa hukohuko, ambaye naye kimbunga kimemgusa. Baada ya mafuriko, maji machafu huleta kipindupindu, sweta halizuii. Sisemi vitu visipelekwe kabisa. Maporomoko ya Hanang yalipoikumba Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, blanketi kutoka huku lilikuwa na maana: ni karibu, na kule kuna baridi. Kwa hiyo ulizeni kwanza. Caritas ina njia, kuanzia parokia hadi jimbo la walioathirika.

Halafu kuna kule kurudi. Shamba likisombwa Mei, njaa huja baadaye, wakati televisheni zimeshahamia habari nyingine. Hapa kwetu Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walifika wakimbizi karibu 5,000, wengi wao akina mama na watoto, na wengi Wakatoliki wenzetu. Blanketi la usiku mmoja lisingewatosha. Walikaa miaka, wakahitaji shule, kanisa, mashamba, na wengine wakazikwa hapahapa.

Shati nililirudisha nyumbani, nikalishona vifungo, nalivaa bustanini. Mwezi Agosti tulipitisha kikapu tena kwa ajili ya pwani. Kaka mmoja akaniuliza, "Frateri, si tulishatoa?" Nikamfungulia mstari wa 35.