Kufundisha Eneo kwa Ukuta wa Bafu

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha eneo huijua kanuni yake barabara: urefu mara upana. Mara nyingi watoto nao huikariri bila shida. Hata hivyo, kuijua kanuni si sawa na kuweza kuitumia, na tofauti hiyo hudhihirika pale hesabu inapotoka daftarini na kuingia dukani. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha jinsi ukuta mmoja wa bafu unavyoweza kuwa zana ya somo hili.

Tuchukue mfano wa Maisaka, katika mji wa Babati. Tuseme mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma anakarabati bafu lake, naye anataka kufunika ukuta mmoja kwa vigae, vile ambavyo madukani huitwa marumaru. Ukuta una upana wa sentimita 132 na kimo cha sentimita 200. Kila kigae kina sentimita 20 kwa 30. Je, anunue vigae vingapi?

Darasa litakokotoa upesi: 132 mara 200 ni 26,400; ukigawanya kwa 600 unapata 44. Jibu halina baki, na mtoto ataona kazi imekwisha. Mwalimu asilifute jibu hilo, wala asiharakishe kulipigia vema. Badala yake afuate hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Kila kikundi kichore ukuta kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 10. Mchoro utakuwa na upana wa sentimita 13 na milimita 2, na kimo cha sentimita 20. Kisha wakate vigae vya sentimita 2 kwa 3 kutoka katika maboksi makuukuu.

Hatua ya pili: Wapange vigae vikiwa vimesimama. Watagundua kwamba kila safu inahitaji vigae 6 vizima na kipande kimoja, na kwamba safu ya juu yote ni ya kukatwa. Masalio ni membamba mno, hayafai popote. Hivyo zitahitajika safu 7 za vigae 7, yaani vigae 49.

Hatua ya tatu: Wavilaze vigae. Sasa kila safu ina vigae 4 vizima na kipande cha sentimita 12, na kigae kimoja hutoa vipande viwili vya namna hiyo. Kwa safu 10 vitatosha vigae 45.

Hapo ndipo mwalimu aulize: kwa nini 44 haikutosha? Watoto wenyewe watasema kwamba kanuni hupima eneo, bali haijui kisu kitapita wapi. Mwenye nyumba aliyenunua 44 atalazimika kurudi dukani, na pengine atakuta vigae vya shehena nyingine ambavyo rangi yake hailingani. Kwa sababu vingine huvunjika, mafundi wengi huongeza kama sehemu moja ya kumi. Kwa wepesi wa somo tumeacha nafasi ndogo za viungo. Darasa lililoelewa lizijumuishe baadaye.

Somo hili lina ndugu yake katika sayansi. Simamisha tofali kavu la kuchoma katika sahani yenye maji, na watoto waweke alama kila baada ya dakika 10. Wataona unyevu ukipanda kupitia vitundu vidogo vya tofali. Ndivyo inavyokuwa nyuma ya vigae, maji yanapopenya kwenye viungo vilivyopasuka. Kwa hiyo ukuta hukingwa maji kabla ya kubandikwa vigae. Na hata anayetumia mabamba ya plastiki hana budi kuziba maungio na pembe zake.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule isitengane na maisha ya jamii inayoizunguka. Shabaha yetu hapa si kumfanya mtoto kuwa fundi. Ni kumzoeza kuuliza, kila apatapo jibu, kama jibu hilo linatendeka.

Zoezi: Pima ukuta mmoja wa bafu la chuo chako. Tafuta idadi ya vigae kwa kanuni, kisha kwa kuvipanga kwa namna zote mbili. Andaa maswali matatu utakayowauliza watoto kabla ya kuwapa jibu.