Uyoga Unaolinda Gogo Lake



Katika misitu ya Ulaya, juu ya magogo ya mti uitwao beech, huota uyoga mweupe wenye utelezi, Oudemansiella mucida. Mara nyingi huwa umelitawala gogo peke yake. Kuvu wengine wanaokula mbao hushindwa kusogea, kwa sababu uyoga huu hutoa kemikali ya kuwazuia. Mwaka 1969 watafiti wa Chekoslovakia waliitangaza kemikali hiyo kwa jina la mucidini. Mwaka 1977 huko Ujerumani, Timm Anke, Wolfgang Steglich na wenzao walitangaza strobilurini A, kutoka uyoga mdogo unaoota kwenye koni za msonobari. Baadaye ikabainika kuwa ni kitu kilekile.

Waliosoma Biolojia wanakumbuka mitokondria, ambamo seli hupata nguvu zake. Strobilurini hujipachika humo kwenye protini iitwayo saitokromu b na kukatiza mwendo wa elektroni. Kuvu hukosa nguvu, spora hazioti. Mbona basi uyoga wenyewe haufi? Saitokromu b yake imeumbwa tofauti kidogo, sumu haishiki vizuri. Subhanallah!

Strobilurini A huharibika upesi juani, hivyo haikufaa shambani. Wanakemia walilibadilisha umbo lake, na mwaka 1996 dawa ya azoksistrobini ikaingia sokoni. Furaha haikudumu. Kufikia 1998, ubwiri unga wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa umeanza kutosikia dawa. Badiliko lilikuwa dogo mno: katika saitokromu b, asidi amino ya 143 iligeuka kutoka glisini kuwa alanini. Dawa za aina moja zilipopuliziwa tena na tena, waliobaki kuzaliana ni wale wenye badiliko hilo.

Hadithi ya kila maradhi kuwa na dawa yake tunaipenda sana. Kile kipande cha dawa kuafikiana na maradhi tunakiruka.

Ukirudi nyumbani likizo ukamkuta mzee anapulizia nyanya, msomee lebo. Azoksistrobini, trifloksistrobini na piraklostrobini zote zimo Kundi la 11 katika orodha ya kimataifa ya viuakuvu, kwa hiyo kubadili chupa si kubadili dawa. Azipishanishe na dawa za kundi jingine. Na maji ya kuoshea bomba yasimwagwe mtoni, maana dawa hizi huua samaki.