Barua za Ng'ambo na Bei ya Pamba

Mtu wa Mwamanyili akisimama ufukoni na kuitazama Ghuba ya Speke, huona maji na mitumbwi ya wavuvi, wala hafikiri ya kuwa ziwa hili lilikuwa mwisho wa njia ya barua iliyoanzia London. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka Croydon, karibu na London, na kituo cha mwisho cha njia ile kilikuwa Mwanza. Abiria waliteremshwa Khartoum. Mifuko ya barua iliendelea kwa ndege zenye kutua juu ya maji, ikapita Malakal, Port Bell na Kisumu, ikafika kwetu ziwani baada ya siku kama kumi. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa mpaka Cape Town.

Yafaa tuulize: mifuko ile ilikuwa na nini, na ilimfaa nani? Ili tujibu vema, hatuna budi kurudi nyuma kwanza, mpaka Unguja, kwa kuwa huko ndiko barua za ng'ambo na biashara zilikofungwa pamoja katika nchi zetu.

Zamani mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka kumwandikia mwenzake wa Bombay alingoja pepo. Kaskazi ilileta majahazi, na kusi iliyarudisha. Barua iliyokosa jahazi la mwisho ilikaa miezi mingi, na mwenye pembe za ndovu au karafuu aliuza kwa kukisia tu, kwa maana bei aliyoisikia ilikuwa bei ya msimu uliopita. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilipewa mkataba na Serikali ya Uingereza wa kupeleka barua kati ya Aden na Unguja kila mwezi.

Hapa msomaji na aangalie sana, maana watu wengi hulipita jambo hili. Meli ya biashara tupu huondoka ikishajaa. Kama shehena haijapatikana, hungoja. Lakini meli ya barua hulipwa na Serikali kwa safari yenyewe, iwe imejaa ama ni tupu, na sharti lake ni kuondoka siku iliyopangwa. Kwa hiyo fedha iliyolipwa kwa ajili ya barua ndiyo iliyompatia mwenye nguo, karafuu na ngozi meli isiyokawia. Wadachi nao walilifahamu neno hili: mwaka 1890 walianzisha kampuni yao ya meli, Deutsche Ost-Afrika-Linie, nayo ikapewa msaada wa fedha na Serikali yao ili ichukue barua kati ya Hamburg na pwani yetu. Kabla ya hapo, mwaka 1879, waya wa simu ulikuwa umekwisha kulazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja. Simu ililipiwa kwa kuhesabu maneno, tena ghali, hata wafanyabiashara walitunga vitabu vya maneno ya siri, neno moja likichukua mahali pa sentensi nzima. Aliyekosa kitabu hakufahamu lolote hata akiiona karatasi.

Basi turudi ziwani. Wamisionari waliofika Nassa mwaka 1888 hawakuwa na njia ya kupeleka barua zao pwani ila miguu ya wapagazi. Mambo yaligeuka tarehe 20 Desemba 1901, reli ya Uganda ilipofika Kisumu, na stima zikaanza kuzunguka ziwa. Mwanza ilikuwa mji wa Wadachi, lakini ngozi, karanga na nta zake zilikwenda ng'ambo kwa reli ya Waingereza na bandari ya Mombasa, na barua kadhalika zilipata njia hiyo. Ni mwaka 1928 tu ambapo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikawa njia ya pili, ya Dar es Salaam.

Sasa tuitazame mifuko ya mwaka 1931. Salamu za jamaa zilikuwamo, lakini barua zilizolipiwa ada ya ndege nyingi zilikuwa za mabenki na makampuni. Zilikuwamo hati za shehena, yaani karatasi zinazothibitisha kwamba mzigo fulani ulio melini ni mali ya fulani. Bila hati hiyo mzigo hautolewi forodhani. Hati ikija kwa ndege hufika kabla ya meli, na mwenyewe aweza kuuza nguo zilizo bado baharini, au kukopa fedha benki kwa dhamana yake. Zilikuwamo pia habari za bei ya pamba huko Liverpool na maoni ya wanunuzi juu ya mavuno ya Marekani na Misri.

Nani alizipokea? Wenye vinu vya kuchambulia pamba na mawakala wao. Mkulima wa Usukuma aliyebeba pamba yake mpaka sokoni hakuwa na sanduku la barua, wala hakuandikiwa na mtu wa Liverpool. Bei za dunia zilipoanguka tangu mwaka 1929, yeye alizijua mbele ya mizani, zikiwa senti kwa kila ratli, na hakuweza kupambanua anguko lililotoka ng'ambo na lililotoka mfukoni mwa mnunuzi. Mimi naona hilo ndilo dhara kubwa, kupita hata udogo wa bei. Barua ya siku kumi ilimpa mnunuzi nafasi ya kujiweka tayari. Mkulima hakupungukiwa na akili, alipungukiwa na habari.

Haki itutake tuseme na upande wa pili. Tangu tarehe 29 Juni 1937 barua zote za kawaida kutoka Uingereza kuja nchi zetu zilichukuliwa kwa ndege bila ada ya ziada, kwa peni moja na nusu kila nusu aunzi. Barua ya mtu maskini ikaenda mwendo mmoja na ya tajiri, na mwenye duka dogo aliyejua kuandika aliweza kuagiza mali yake mwenyewe. Urahisi huo ulikatizwa na vita, Septemba 1939.

Mizani nayo iliangaliwa baadaye, wakulima walipojiunga katika vyama vyao miaka ya kwanza ya 1950. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na makarani wa vyama wakawa wanapima pamba na kusoma karatasi za bei kwa niaba ya wenyewe.

Mwalimu mwenye ramani na awaamuru wanafunzi wachore njia mbili kwa rangi mbalimbali: moja ya baharini, kupita Suez, Aden na Mombasa, kisha reli mpaka Kisumu na stima mpaka Mwanza, nyingine ya ndege, kupita Khartoum, Malakal na Port Bell. Kisha wahesabu: ikiwa barua ya ndege iliondoka Jumamosi 28 Februari 1931 ikachukua siku kumi, na ya baharini iliondoka siku ile ile ikachukua siku thelathini, mwenye barua ya kwanza alipata siku ngapi za soko kabla ya mwenzake kujua bei?