Sumu Iundwayo Ndani ya Gugu

Mkulima aliyepanda mahindi pamoja na maharagwe katika shamba moja hukabiliwa na shida ya pekee. Dawa ya kuulia magugu iitwayo 2,4-D, iliyovumbuliwa katika miaka ya 1940, huua magugu yenye majani mapana na kuyaacha mahindi, ambayo ni jamii ya nyasi. Lakini mharagwe nao una majani mapana, na dawa haiutofautishi na gugu: shina hujipinda, majani hukunjamana, na hatimaye mmea hufa.

Je, yawezekana kuua gugu la majani mapana lililo katikati ya mimea ya jamii ya kunde? Jibu moja lilipatikana Uingereza katika miaka ya 1950, kwenye Chuo cha Wye, ambako mwanakemia Louis Wain na wenzake walizichunguza asidi zinazofanana na 2,4-D. Molekuli ya 2,4-D ina mkia wa kaboni mbili. Wain alijaribu mikia mirefu zaidi, akaona jambo la kustaajabisha: asidi zenye mkia wa kaboni shufwa ziliweza kuidhuru mimea, lakini zenye mkia wa kaboni witiri hazikuweza.

Sababu ni kwamba vimeng'enya vya mmea huukata mkia huo kaboni mbilimbili, kwa njia ileile inayotumika kuvunja mafuta katika mbegu inayoota. (Hapa mwalimu wa kemia na mwalimu wa biolojia wangeweza kufundisha somo moja.) Mkia wa kaboni nne, kama ule wa dawa ya 2,4-DB, ukikatwa mara moja hubaki kaboni mbili, yaani 2,4-D yenyewe.

2,4-DB peke yake haina ukali mwingi. Magugu mengi huikata upesi, na hivyo hujitengenezea sumu yao wenyewe. Klova huikata polepole mno, hata sumu isifikie kiasi cha kuiua. Ndiyo maana dawa hiyo hutumika katika klova na karanga, na mwenzake MCPB katika njegere.

Hata hivyo tofauti hii ni ya kasi tu, wala si kinga kamili. Kipimo kikizidi, zao nalo huumia. Tena uvumilivu wa klova si dhamana kwa maharagwe. Gugu lililo la jamii ya kunde laweza kunusurika kwa sababu ileile inayoliokoa zao. Nyasi nazo haziuawi hata na 2,4-D. Hizo zabaki kuwa kazi ya jembe.