Safari ndefu ya ndege: Ilinde miguu yako

MZAZI wa Kianyaga akiitwa Marekani kumwona mjukuu, hujiandaa kwa sweta, unga wa uji na zawadi. Ni wachache wanaokumbuka miguu, ambayo inaweza kuleta hatari kubwa katika safari hiyo.

Hesabu ya saa

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Shirika la Ndege la Kenya lilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo Oktoba 28, 2018, na safari ya kwenda huchukua karibu saa 15. Ongeza saa mbili au tatu za matatu kupitia Kutus na Thika, na saa tatu za kungoja uwanjani. Jumla ni karibu saa 20, nyingi za kuketi.

Kwa nini damu huganda

Damu ya miguuni hurudishwa moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu. Ukikaa bila kusogea, misuli hiyo hailazimiki kufanya kazi. Damu huenda polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge likimeguka na kufika mapafuni, linaweza kuua.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi huongeza hatari hii karibu maradufu. Hata hivyo, si jambo la kuogofya wote: ni kama msafiri mmoja kati ya 6,000. Basi na gari pia huhusika.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni aliyewahi kugandwa na damu, aliyepasuliwa karibuni, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua juzi, anayemeza vidonge vya kupanga uzazi na mwenye uzito mkubwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone pia, kwa maana hewa ndani ya ndege ni kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani Nyeri mjini au juu zaidi.

Ufanye nini?

1. Kunja na kunjua vifundo vya miguu mara kwa mara ukiwa kitini.
2. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, isipokuwa ukiwa umelala.
3. Kunywa maji, epuka pombe na dawa za usingizi.
4. Vaa nguo zisizobana. Usimeze aspirini bila ushauri wa daktari.

Dawa na saa za mwili

New York iko nyuma ya Kenya kwa saa saba au nane, kulingana na majira. Ukiondoka Nairobi saa sita usiku, huko ni alasiri au jioni ya siku hiyo. Mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Mgonjwa wa kisukari apangiwe na daktari saa za dawa, na insulini aibebe mkononi, kwani katika mizigo inaweza kuganda kwa baridi.

Dalili za hatari

Mguu mmoja ukivimba, kuuma au kupata joto, hata wiki kadhaa baada ya kufika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukishindwa kupumua, kifua kikichoma au ukikohoa damu, usingoje hata saa moja.