Kimbilio na Nyumbani

Sabato Mchana

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili:* Hes. 35:9–34, Kum. 19:1–10, Yos. 20:1–9, Zab. 27:10; Yn. 14:2, 23, Ebr. 6:18–20.

*Fungu la kukariri:* Zaburi 90:1.

Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alifika Kigongo na kusimamishwa na maji. Busisi aliiona kwa macho, ng'ambo ya ghuba, lakini kama kivuko kimeondoka hakuwa na la kufanya ila kungoja. Hata gari la wagonjwa lilingoja. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyoweza kula saa nzima au zaidi ikawa ya dakika chache.

Wako washiriki wanaouona upendo wa Mungu kama Busisi ya zamani. Hawakani kwamba upo. Wanauona kwa wengine, ng'ambo. Juma hili tutajifunza habari za miji ya makimbilio, na tutauliza swali ambalo si jepesi: Je, mtu aliyeponywa na hatari amekwisha kufika nyumbani?

Jumapili: Njia Iliyotengenezwa

*Soma Hesabu 35:9–15 na Kumbukumbu la Torati 19:1–3. Mungu aliagiza nini kuhusu mahali pa miji hiyo na njia za kuifikia?*

Miji ilikuwa sita, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande ule. Mtu aliyeua bila kukusudia, huku mlipiza kisasi yuko nyuma yake, hakulazimika kuvuka mto. Wenyeji wa ziwani wanaelewa upesi maana ya jambo hilo. Tena njia zilipaswa kutengenezwa kabla mkimbizi hajatokea. Haikungojwa kwanza aonekane kama anastahili. Na mlango haukuwa wa Mwisraeli peke yake: mgeni na msafiri wametajwa pia.

Jumatatu: Hodi Langoni

*Soma Yoshua 20:4. Mkimbizi alifanya nini alipofika, na wazee wa mji walifanya nini?*

Angalia mpangilio wa mambo. Mkimbizi anasimama penye lango, kama mtu apigaye hodi, na kuwaeleza wazee shauri lake. Wao wanampokea, wanampa mahali, naye anakaa kati yao. Kumfungulia lango tu kungetosha kumwokoa na upanga. Lakini neno la Mungu lilidai zaidi: apewe mahali pa kukaa, kati ya watu.

Hapa ndipo makanisa yetu mengi hupungukiwa. Mgeni akija Sabato asubuhi tunamsimamisha, tunamkaribisha kwa wimbo, anaketi. Baada ya ibada kila familia inashika njia yake, naye anabaki amesimama nje na Biblia mkononi. Tumemfungulia lango, mahali hatujampa.

*Ni nani katika darasa lako ambaye amehudhuria kwa miezi kadhaa lakini hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwake?*

Jumanne: Waliopona Wakabaki Wageni

*Soma Zaburi 27:10. Kwa nini mwandishi anataja wazazi, na si adui?*

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kwa jambo la aibu. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu ya waganga waliodai kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Wengine walisalitiwa na jirani, wengine na ndugu wa damu. Ili kuwanusuru watoto, shule kadhaa ziliwapokea bwenini, zikiwemo Mitindo wilayani Misungwi, upande wa Kigongo wa ghuba yetu, na Buhangija mjini Shinyanga.

Watoto hao hawakumwaga damu ya mtu, hivyo tusiwalinganishe na mkimbizi wa Hesabu 35 katika kosa. Tuwalinganishe katika hali. Ukuta na mlinzi viliwapa usalama. Lakini wako waliokaa miaka bila mzazi kuja kuwaona, na likizo ilipofika, wenzao walipofunga mizigo, wao walibaki. Walikuwa na kimbilio, nyumbani hawakuwa nako.

Mtu mzima naye aweza kuishi hivyo mbele za Mungu. Anaamini kwamba amesamehewa, haogopi tena moto, lakini huomba kama mpangaji anayechelewesha kodi: kwa kifupi, bila kumtazama mwenye nyumba usoni.

Jumatano: Kifo cha Kuhani Mkuu

*Soma Hesabu 35:25–28, 32. Mkimbizi angeweza kurudi kwao lini? Je, fedha ingeweza kumsaidia kurudi mapema?*

Alikaa mjini hata kuhani mkuu alipokufa. Akitoka kabla ya hapo, damu yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Fidia haikupokelewa, tajiri na maskini walingoja sawasawa. Tufikirie mtu huyo akisikia jioni moja kwamba kuhani mkuu amefariki. Mji mzima unalia, na yeye anakusanya vitu vyake, kwa maana kifo hicho kimemfungulia njia ya kwenda kwa mke wake na shamba lake.

*Sasa soma Waebrania 6:18–20. Ni maneno gani yanayokukumbusha miji ya makimbilio?*

Mtume anasema juu yetu sisi tuliokimbilia. Kuhani wetu Mkuu amekwisha kufa, lakini tofauti na wale wa Haruni, yu hai, naye ameingia ndani ya pazia kwa ajili yetu. Kwa hiyo hatuachi kimbilio ili twende nyumbani. Patakatifu pa mbinguni, ambapo wengi wetu tumezoea kupafikiria kama mahakama tu, ndipo nanga yetu iliposhikwa. Mvuvi hashushi nanga ili aitazame. Huishusha ili alale usingizi upepo ukivuma.

Alhamisi: Makao

*Soma Yohana 14:2 na 14:23. Neno gani limo katika mafungu yote mawili?*

Katika fungu la kwanza, Yesu anatuandalia makao kwa Baba. Katika la pili, Baba na Mwana wanakuja kufanya makao kwetu. Kiyunani pia kinatumia neno lile lile, na halipo mahali pengine katika Agano Jipya. Musa, ambaye Zaburi ya 90 ni sala yake, alilelewa katika nyumba ya Farao, akawa mgeni Midiani, akafa nje ya Kanaani. Rudia fungu la kukariri ukiwaza maisha hayo.

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Akieleza jinsi Kanaani ilivyogawanywa, Ellen G. White anasema kwamba njia za miji ya makimbilio zilitunzwa daima, na vibao vikawekwa ili akimbiaye asipoteze muda.

*Maswali ya Kujadili:*

1. Mtoto aliyekimbizwa ili asiuawe anarudi kijijini akiwa kijana. Kanisa la kijiji hicho lina wajibu gani kwake, na kwa ndugu zake wanaomwogopa?

2. Ni vibao gani vilivyoanguka katika njia ya kufika kanisani kwenu? Nani atavisimamisha, na lini?

3. Dada mmoja anasema, "Najua Mungu amenisamehe, ila sidhani kama ananipenda." Mngemsomea fungu gani kwanza, na baada ya kusoma mngefanya nini?