Kiwango cha Mchezaji na Lugha ya Masharti: Somo Kutokana na Sataranji ya Mtandaoni

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika sataranji inayochezwa mtandaoni, methali hii imepata upande wa pili. Yupo mchezaji anayekubali kushindwa kwa makusudi, tena mara nyingi, ili siku ya mashindano ahesabiwe miongoni mwa wanyonge na kunyakua tuzo waliyotengewa. Huyu naye si mshindani. Lakini yupo pia wa tatu, mchezaji mwaminifu, ambaye alilisoma tangazo la mashindano akalielewa kwa njia moja ilhali waandalizi walilielewa kwa njia nyingine. Hushinda kwa jasho lake, kisha akapokonywa ushindi kwa sababu ya neno moja lililokuwa na maana mbili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kiwango cha mchezaji wa sataranji kinavyokokotolewa na jinsi kinavyotumiwa kuamua nani anastahiki kushiriki katika mashindano. Hoja inayotetewa ni kwamba kiwango si sifa ya kudumu ya mtu, bali ni ulinganisho wa wachezaji wa jumuiya moja kwa wakati mmoja. Kwa hivyo, sharti lolote linalotegemea kiwango halina budi kutaja ni kiwango kipi, cha lini, na kilichotokana na michezo mingapi. Kazi hiyo ni ya lugha sawa na ilivyo ya hesabu, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia.

2. Istilahi za Msingi

Jina sataranji liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Waarabu walilipokea kutoka kwa Waajemi, na asili yake ni neno la Kisanskriti, chaturanga, lenye maana ya sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Mchezo wenyewe, basi, una jina la Kiswahili lililokita mizizi. Istilahi za uendeshaji wa mashindano ndizo ambazo bado hutumiwa ovyo. Maneno manne yafuatayo yanafaa kutenganishwa.

Alama ni kile anachopata mchezaji katika mchezo mmoja: 1 kwa ushindi, nusu kwa sare na 0 kwa kushindwa. Nafasi ni mahali anaposimama katika orodha ya washiriki. Cheo ni heshima anayotunukiwa na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE. Cheo cha juu kabisa, cha grandimasta, humtaka mchezaji afikie kiwango cha 2500 pamoja na kupata matokeo maalumu katika mashindano yaliyoidhinishwa. Kiwango, kwa upande wake, ni tarakimu inayokadiria nguvu za mchezaji kutokana na matokeo yake dhidi ya wengine. Cheo hubaki hata mchezaji akidhoofika, lakini kiwango hupanda na kushuka.

Neno la tano ni ustahiki, yaani hali ya mtu kutimiza masharti yaliyowekwa. Mtu anaweza kuwa hodari na asistahiki. Aidha, anaweza kustahiki na asiwe hodari.

3. Jinsi Kiwango Kinavyokokotolewa

Mfumo unaojulikana zaidi uliasisiwa na Arpad Elo, mwanafizikia aliyezaliwa Hungaria mwaka wa 1903 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Marquette nchini Marekani. Shirikisho la sataranji la Marekani liliukubali mfumo huo mwaka wa 1960, nalo FIDE likaufuata mwaka wa 1970.

Wazo lake ni jepesi. Tofauti ya viwango vya wachezaji wawili hutumiwa kukadiria alama ambazo kila mmoja anatarajiwa kupata. Wakiwa sawa, kila mmoja hutarajiwa kupata 0.50. Tofauti ikiwa 200, mwenye kiwango cha juu hutarajiwa kupata takriban 0.76, ikiwa 400, takriban 0.91. Baada ya mchezo, alama tarajiwa hutolewa katika alama halisi, na jibu huzidishwa kwa kizidishi maalumu.

Chukulia kwamba A ana kiwango cha 1600 na B ana 1400, na kizidishi ni 20. A akishinda, amepata 1 badala ya 0.76, ataongezewa 4.8 tu, naye B atapunguziwa 4.8. B akishinda, atavuna 15.2 na A atapoteza kiasi hichohicho. Wakitoka sare, A hupoteza 5.2 ingawa hakushindwa. Mfumo huu, basi, hauulizi tu nani ameshinda, bali unauliza pia nani alitarajiwa kushinda.

Kizidishi hakilingani kwa wote. Katika kanuni za FIDE, mchezaji mgeni hutumia 40 hadi atimize michezo 30. Kisha hutumia 20, na akishafikia kiwango cha 2400 hutumia 10. Mgeni huyumba sana kwa kuwa habari zake ni chache, naye mkongwe hutulia kwa kuwa habari zake ni nyingi.

Mwanatakwimu wa Marekani, Mark Glickman, aliliendeleza wazo hilo kwa mfumo uitwao Glicko. Hapa kila kiwango huandamana na tarakimu ya pili inayoonyesha kiasi cha shaka. Mchezaji anayecheza mara kwa mara hupunguza shaka hiyo, na anayekaa muda mrefu bila kucheza huiongeza. Tovuti ya Lichess, inayotumia toleo la pili la mfumo huu, humwanzisha kila mgeni katika 1500 na kuweka alama ya kuuliza baada ya tarakimu hadi shaka ipungue vya kutosha. Kiwango cha aina hiyo kinaweza kuitwa kiwango cha muda.

4. Kiwango Kina Kwao

Mcheza kwao hutuzwa. Kiwango nacho kina kwao: maana yake hutokana na jumuiya ya wachezaji waliokizalisha. Tarakimu 1600 ya Lichess, 1600 ya Chess.com na 1600 ya FIDE ni vipimo vitatu tofauti, kwa sababu jumuiya ni tofauti na ukokotoaji ni tofauti. Si ajabu mchezaji yuleyule kuwa na tarakimu zinazoachana kwa mamia. Fauka ya hayo, ndani ya tovuti moja, mchezo wa dakika 3 una kiwango chake na mchezo wa dakika 10 una chake.

Hatari ya kusahau jambo hili ilidhihirika Marekani katika miaka ya 1990. Claude Bloodgood, mfungwa katika jimbo la Virginia, alicheza michezo mingi mno dhidi ya wafungwa wenzake. Kwa kuwa jumuiya hiyo ilikuwa imefungwa, viwango vyake havikuweza kusahihishwa kwa kukutana na wachezaji wa nje. Kufikia mwaka wa 1996 kiwango chake kilikuwa kimepita 2700, na jina lake likawa karibu na kilele cha orodha ya taifa zima. Hesabu haikukosewa, kilichokosewa ni kuichukulia tarakimu ya gereza kana kwamba ilikuwa tarakimu ya nchi.

Hata mwenye kipimo anaweza kukibadilisha. Tarehe 1 Machi 2024, FIDE lilipandisha viwango vya mchezo wa kawaida vilivyokuwa chini ya 2000, na kiwango cha chini kabisa kikawa 1400. Aliyekuwa na 1500 aliamka akiwa na 1700 bila ya kusogeza kete hata moja. Nguvu zake hazikuongezeka usiku huo, lakini ustahiki wake katika mashindano ya wasiozidi 1600 ulitoweka.

5. Lugha ya Masharti

Sasa na lichunguzwe tangazo la kubuni la mashindano ya wanafunzi: “Mashindano haya ni ya wachezaji wenye kiwango cha chini ya 1600.” Sentensi ni fupi na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, ina mianya minne.

Mwanya wa kwanza ni wa mpaka. “Chini ya 1600” humwacha nje mwenye 1600 kamili, ilhali “kisichozidi 1600” humkubali. Vifungu hivi viwili hubadilishanwa katika mazungumzo, lakini katika kanuni vinatenganisha mshiriki na mtazamaji.

Mwanya wa pili ni wa chanzo. Kiwango cha tovuti gani, na cha mchezo wa dakika ngapi? Mchezaji mwenye 1550 katika mchezo wa dakika 10 na 1720 katika mchezo wa dakika 3 atajiandikisha kwa moyo mweupe. Akishinda, mpinzani wake ataionyesha ile 1720, na waandalizi hawatakuwa na andiko la kumtetea.

Mwanya wa tatu ni wa wakati, na hapa sarufi ya Kiswahili ina hazina. Virejeshi vya vitenzi vinaweza kutofautisha hali ambazo kivumishi “-enye” huzificha. “Aliye na kiwango kisichozidi 1600” humhusu mtu kwa wakati wa kusoma tangazo. “Atakayekuwa na kiwango kisichozidi 1600 siku ya mashindano” husogeza kipimo mbele. “Ambaye hajawahi kuzidi 1600” hutazama historia yake yote. Watu watatu tofauti wanaweza kustahiki chini ya kauli hizi tatu. Katika mashindano yenye mpaka wa juu, Lichess hutazama kiwango cha juu kabisa alichofikia mchezaji katika wiki iliyotangulia, wala si kile alicho nacho dakika ya kujiunga. Kwa njia hiyo, anayejishusha usiku wa kuamkia mashindano hapati faida.

Mwanya wa nne ni wa mgeni. Kauli “asiye na kiwango” ina utata wa kuudhi, kwani katika matumizi ya kila siku hudokeza mtu duni. Anayekusudiwa ni yule ambaye hajapimwa, na huenda akawa bingwa kuliko wote. Istilahi “mchezaji ambaye hajakadiriwa” inafaa zaidi kwa kuwa haimtukani mtu wala haimpunguzii mpinzani tahadhari. Aidha, sharti la idadi ya chini ya michezo iliyohesabiwa, kwa mfano michezo 20, huhakikisha kwamba tarakimu inayotumiwa imeiva.

6. Kujishusha na Kujificha

Kushindwa kwa makusudi ili kiwango kishuke kunaweza kuitwa ujishushaji. Lichess na Chess.com hukataza tendo hilo, na hali kadhalika hukataza kupandishana, ambako mtu humpa mwenzake ushindi wa bure. Ujishushaji una wahasiriwa wengi kuliko inavyodhaniwa. Kila mchezo uliotupwa humpa mpinzani kiwango asichokistahili, naye hukibeba hadi kwa wengine. Kosa la mtu mmoja huenea katika jumuiya nzima, mithili ya mfanyabiashara anayechezea mizani ya soko.

Hata sharti lililoandikwa vyema halimtambui mtu aliye nyuma ya jina. Mnamo Aprili 2023 jijini Nairobi, katika mashindano ya wazi ya Kenya, mchezaji wa kiume aliingia katika kitengo cha wanawake akiwa amevaa buibui na kufunika uso, huku amejiandikisha kwa jina la kike. Shaka iliwaingia waandalizi pale mtu asiyejulikana katika mchezo huo alipowashinda wachezaji wenye uzoefu mkubwa. Ikiwa jambo hilo liliwezekana ana kwa ana, ukumbini, ni dhahiri kwamba mtandaoni, ambako uso hauonekani na akaunti hufunguliwa kwa dakika chache, uthibitisho wa utambulisho ni sehemu ya ustahiki wala si nyongeza. Tukio hilo linafundisha jambo jingine pia: matokeo yaliyopita mno matarajio ni sababu ya kuchunguza, lakini si hukumu. Kijana aliyejifunza kwa bidii kwa muda mrefu bila kushiriki mashindano naye anaweza kuwashangaza wakongwe, na kanuni sharti imlinde.

7. Hitimisho

Imebainika kwamba kiwango ni kipimo chenye manufaa maadamu kikumbukwe ni cha nani, cha lini, na kimetokana na michezo mingapi. Imebainika pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuyasema hayo bila kuazima sentensi za kigeni. Tangazo lililochunguzwa hapo juu linaweza kuandikwa upya hivi:

“Atastahiki kushiriki mwanafunzi ambaye, katika siku 7 zitakazotangulia mashindano, kiwango chake cha mchezo wa dakika 10 katika tovuti ya Lichess hakitakuwa kimezidi 1600 wakati wowote, ambaye atakuwa amecheza michezo isiyopungua 20 iliyohesabiwa ya aina hiyo, na ambaye kiwango chake hakitakuwa cha muda. Kila mshiriki atathibitisha kwamba akaunti anayoitumia ni yake.”

Tangazo hili ni refu kuliko lile la awali, lakini kila neno lina kazi. Mjanja amezibiwa njia na mwaminifu anajua anaposimama kabla ya kusogeza kete ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mashindano ukuta huo hujengwa baada ya tuzo kutolewa, mbele ya watu, kwa aibu ya mtu ambaye huenda hakukosa lolote.

Maswali ya Marudio

1. Mchezaji mwenye kiwango cha 1400 amemshinda mwenye 1600. Kizidishi kikiwa 40, ataongezewa kiasi gani?
2. Eleza tofauti ya kimaana kati ya “aliye na”, “atakayekuwa na” na “aliyewahi kuwa na” katika sharti la ustahiki.
3. Tafuta tangazo lolote la mashindano, ufadhili au ajira lililoandikwa kwa Kiswahili. Bainisha mianya yake, kisha uliandike upya.